Mwanangu na Kodiani ya Jirani

Nasema kweli yangu: nilimwonea wivu ajuza wa watu, na mpaka leo haujaniisha.

Alikuwa jirani yetu huku ughaibuni, mjini Hopkins, ghorofa ya chini. Mzaliwa wa Louisiana, mpigaji kodiani, muziki wa Cajun, ule wa kwao wanaouimba kwa Kifaransa chao. Kila Jumamosi mzee mmoja wa fidla alimjia na wenzake wawili, wakapiga jikoni mpaka alasiri, sufuria ya bamia iko motoni. Binti yangu, wa miaka kumi na minne, alishuka siku moja kurudisha sahani, basi hakurudi. Akapewa chuma cha pembe tatu akigonge kufuata mapigo. Haikupita miezi miwili, ati anaimba Kifaransa! Mtoto huyo huyo nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza.

Lo, roho iliniuma! Mimi mtu wa Mombasa. Mama yangu alikuwa akiongoza vugo, zile nyimbo za harusi wanawake wanazoimba wakigonga pembe za nyati. Pembe zake ninazo. Niliwaeleza watu wa forodha mpaka wakachoka wakaniachia. Harusi ya mpwa wangu ilikuwa imebakisha wiki mbili, nami nilitaka kitu kimoja tu: binti yangu asimame kando yangu aimbe. Akasema hajui. Hajui! Na hizo za Louisiana alizaliwa nazo?

Jumamosi ile nikashuka kumtoa. Nilikuwa nimetoka shifti ya kuogesha wagonjwa, miguu imevimba, nimejaa mpaka hapa kooni. Ajuza akanikaribisha, akanipakulia wali na bamia, akaniambia soseji iliyomo ni ya kuku, nguruwe ameacha kupika Jumamosi tangu binti aanze kuja. Hata pa kumlaumu hakuniachia, bibi yule! Nikala nimenuna.

Wakaanza. Binti akakosea neno. Ajuza akasimamisha kodiani, akalitamka polepole, wakarudi mwanzo. Akakosea tena, wakarudi tena. Mara nne, na hakuna aliyekunja uso. Ajuza akaniambia yeye shuleni alichapwa kwa kusema Kifaransa, akaogopa hata kuwafunza wanawe. Sasa anayetaka kujifunza, humngoja.

Tulipotoka, nikamshika binti mkono kwenye ngazi.

"Kwake waweza, kwangu huwezi? Nimekukosea nini mimi?"

Akanijibu kwa Kiingereza, wala hakukasirika. Alisema nikimsikia anatamka vibaya humcheka, kisha humpigia shangazi yake simu tukamcheka sote wawili.

Ni kweli. Kwetu anayeboronga Kiswahili huchekwa, na mimi nilidhani ni mapenzi.

"Haya, imba sasa," nikamwambia. "Ubeti mmoja tu. Wallahi sicheki."

Akanitazama. Akautoa mkono wake mkononi mwangu, taratibu, akapanda ngazi.