Kopo la Majani Makavu

Bibi ya kijana wangu, mkamwana wangu, amefungua pakiti ya majani makavu, akayakoroga na maziwa lala amwagie kabichi. Ile harufu ikanishika papo hapo kwa kiti.

Nikiwa msichana, kwa ploti tuliyopanga palikuwa na msichana wa rika langu. Mamake alianika majani ya dania na kitunguu saumu juu ya mabati, akasaga, akaweka kwa kopo. Hayo mabati yalivuja sana, lakini tuyaache. Mama yangu kila akionja kabichi ya yule msichana, alinigeukia: "Si uone mwenzako!"

Siku moja nikaiba lile kopo, nikalimwaga lote kwa sukuma wiki yangu. Mama akaonja kwa kiganja, akamwita yule msichana.

"Hebu onja, mami."

Akaonja. Alijua ni majani ya kwao. Akameza ule uchungu wote, akasema, "Mama, leo amenishinda."

Mama akampapasa kichwa. "Wewe una roho safi."

Hata kwa roho akanishinda.

Sasa bibi ya kijana ananiwekea kidogo kwa kiganja. "Onja, mama."

"Chumvi imezidi," nikamwambia.

Haikuwa imezidi.