Thordis wa Bafuni na Ngozi ya Bergljot

Saa kumi na mbili asubuhi, nje giza totoro na theluji inapeperuka, Thordis Hallsdottir amesimama mlangoni mwa bafu la wanawake, mikono kiunoni.

"Wewe bibie, vua hiyo nguo ya kuogelea! Sabuni kwanza, bwawa baadaye. Kwapani, mapajani, miguuni. Si mimi, ni sheria."

Mgeni anatazama kushoto na kulia, kisha anavua. Thordis hana habari naye tena. Jicho lake liko kwenye bomba la mwisho, anapooga Bergljot, mfugaji wa farasi na rafiki yake tangu darasa la kwanza.

"Mwone," ananinong'oneza. "Tulizaliwa mwaka mmoja, wote tuna arobaini na nane. Mgongo ule ni wa mtu wa arobaini na nane? Si wivu, ni uchungu tu." Anakunja taulo, analikunjua. "Haya, ni wivu."

Thordis ni mhudumu wa bafu katika bwawa la mji wetu, kaskazini mwa Iceland. Huhakikisha hakuna anayeingia majini bila kuoga uchi kwa sabuni, hukausha sakafu, huokota pete na meno ya bandia. Bafuni kwake hakuna anayeficha mwili, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Miaka miwili iliyopita hedhi yake ilianza kuruka miezi. Joto likawa linampanda ghafla hata akiwa kwenye baridi. Kisha ngozi ikamgeuka: miguu ikapauka, mikono ikawasha, na mashavu aliyosifiwa nayo usichanani yakakauka na kuchanika pembeni mwa midomo.

"Nilijikuna hadi kanisani," anasema. "Mume wangu akauliza kama paka wetu ana viroboto!"

Kosa alilofanya ni letu sote hapa. Tumelelewa kuamini kwamba ngozi ikisumbua, basi haijaoshwa vizuri. Thordis, anayewasimamia wenzake kwa sabuni, akajisimamia mwenyewe maradufu. Asubuhi sabuni, jioni sabuni, tena na brashi ngumu, chini ya maji ya moto kupindukia. Kadiri alivyosugua ndivyo ngozi ilivyozidi kupasuka.

Na Bergljot je? Anatoka bafuni anang'aa. Akimaliza kuoga hutoa mkobani kichupa cha kahawia kisicho na nembo, huwapa wenzake mgongo na kujipaka harakaharaka.

"Ukimuuliza anacheka, 'Aa, kitu cha nyumbani tu.' Kitu cha nyumbani! Mtu tuliyekula naye sahani moja! Roho iliniuma, nikawa hata salamu yake naijibu nusu."

Thordis akaacha kabisa kuingia kwenye beseni la maji moto nje, ambako wanawake wa mji hukaa maji yakiwafika shingoni, wakisengenya hadi vidole vinyauke. Alisingizia kazi. Kwa kweli hakutaka kukaa kando ya Bergljot. Wenzake wakaanza kumsahau kwenye mialiko.

Siku moja ya Novemba Bergljot aliuacha mkoba kwenye benchi akaenda kwenye beseni. Thordis akakitazama kile kichupa, kikamtazama.

"Nikakifungua. Nikapaka uso, shingo, kifua. Sikubania."

Hata hakumaliza kufunga kifuniko, uso ukawaka moto. Akajimwagia maji baridi, wapi! Akatoka mbio na kujitupa kwenye theluji, kifudifudi, mbele ya beseni zima la wanawake. Bergljot ndiye aliyemfikia wa kwanza. Akamnusa.

"Thordis! Umejipaka dawa ya farasi?"

"Ya farasi?"

"Ya magoti ya farasi, shoga! Nampaka yule wa kijivu akichechemea, na mimi najipaka mabegani. Tangu mwaka jana viungo vinaniuma kama nimepigwa, usingizi sina. Ulitaka nitangaze bafuni kwamba najitibu kwa dawa ya mnyama?"

Thordis akainua uso, mwekundu, theluji imemganda kwenye nyusi.

"Na ngozi? Unaifanyaje?"

"Siifanyi chochote. Ngozi ya mama yangu ilikuwa hivi hivi."

"Hilo," Thordis ananiambia, "liliniuma kuliko ile dawa."

Kesho yake Bergljot alimwendesha mwenyewe hadi kituo cha afya. Muuguzi alieleza kwamba homoni zikipungua kuelekea kukoma hedhi, ngozi hupoteza mafuta na maji yake. Aweke brashi kando, aoge haraka kwa maji ya uvuguvugu. Sabuni iwe isiyo na manukato, na aipake tu zile sehemu za sheria: kwapani, mapajani, miguuni. Mafuta mazito yasiyo na harufu ayapake ngozi ikiwa bado na unyevu, na asisahau kinga ya jua, hata theluji inapong'aa.

"Nikatoka nje nikamkuta Bergljot ananisubiri. Nikamvuta mkono hadi ndani. Nikasema, 'Na huyu, viungo vinamuuma na hana usingizi, naye anaona aibu.' Kumbe naye ni homoni zile zile!"

Mashavu ya Thordis bado si ya usichanani, ila hajikuni tena. Amemwomba meneja abadilishe sabuni ya bafuni na kuweka kopo kubwa la mafuta mazito karibu na taulo. Meneja anafikiria. "Afikirie haraka," anasema Thordis, "la sivyo nitamvua suruali nimwoneshe miguu ya wanawake wa mji huu kwa kulinganisha." Na Ijumaa hii, anasema, atarudi kwenye beseni.

Bergljot amemaliza kuoga. Anakuja kukaa kwenye benchi na kumpa Thordis kichupa. Thordis anavaa glavu, anaanza kumsugua mabega.

"Bado unanionea wivu?" anauliza Bergljot.

"Kila siku ya Mungu."

"Basi sugua kwa wivu wote, shoga. Pale kushoto ndipo panapouma."