Bura, Muuza Maziwa, na Dubwi Lisilo na Kiwele

Wasomaji watukufu wa gazeti la shule, baada ya utafiti mzito, mwandishi wenu analeta taarifa kamili ya namna mashine ya kamari inavyofanya kazi. Utafiti ulifanyika juu ya kreti ya soda, mlangoni mwa duka moja mjini Mbulu.

Saa tatu asubuhi, baridi bado inauma. Bura, muuza maziwa kutoka Tlawi, anaegemeza baiskeli ukutani. Madumu ni matupu, maziwa yameshauzwa. Anasimama kando ya dubwi, ile mashine inayomeza sarafu za mia mbili, akimtazama dereva wa bodaboda anavyocheza.

"Mwache ailishe kwanza," anamnong'oneza mwandishi. "Ng'ombe unamkamua akishiba."

Dereva anaondoka mikono mitupu. Bura anatumbukiza sarafu. Taa zinawaka, picha zinazunguka, zinasimama. Hakuna kitu. Anatumbukiza nyingine, na nyingine.

"Kaka Bura, hiyo haina kiwele," anasema Letisia, muuzaji wa dukani. "Kila ukibonyeza inaanza upya, haikumbuki nani kailisha. Ikijaa, mwenye funguo anakuja, anakamua yeye."

"Wewe unauza sukari, habari za ng'ombe umezijulia wapi?"

Bura alikuwa na ng'ombe watatu. Wawili wameishia mnadani mwaka huu, na hela yao humu kwenye dubwi. Aliyebaki humpa kama shilingi elfu nane kwa siku. Watoto wanakunywa chai ya rangi.

"Zamani mke wangu, Fransiska, alikuwa anagomba," anasema. "Siku hizi ananipokea madumu, anayaosha, basi."

Mwandishi, kwa sauti ya padri, anamshauri: hela ya nyumbani ampe mama watoto kwanza, achezee ile tu ambayo ikipotea haitamliza, ikiisha aondoke.

"Hela isiyoniliza ndiyo ipi, mwanafunzi?"

Mwandishi analiandika swali hilo daftarini.

Jumamosi ijayo, anasema Bura, atampeleka mnadani ng'ombe wa mwisho. "Safari hii nacheza kwa akili. Nikipata, nawarudisha wote watatu."

Letisia anageuka, anapanga sabuni ambazo zilikwishapangwa.

Bura anaondoka. Muda mfupi baadaye anarudi, amesahau dumu moja.

"He! Mwanafunzi! Na wewe?"

Basi, ni kweli. Nusu ya nauli yangu ya kurudi shule ilikuwa imekwishamezwa. Nilimwona akiilisha asubuhi nzima, nikajua sasa imeshiba.

Hakunicheka. Aliegemeza tena baiskeli, akatoa sarafu, akasimama nyuma yangu kungoja nimalize kuilisha.