Bafu niliyomujengea mama mukwe

Leo mama mukwe amenikimbia, na siwezi kumulaumu.

Alisema anatoka Area 36, kule mujini, kuja kukaa kwetu hapa kambini wiki nzima. Mi nikaapa: mama ya bibi yangu hataoga nyuma ya shitingi, plastiki yenye kupasuka.

Nikajenga bafu mwenyewe. Nilisimama chini, nikapima ukuta mpaka juu ya kichwa changu. Na mi niko mufupi, jueni hivyo.

Kisha nikaona maji hayana pa kupita. Nikajaza mawe, nikamwaga simenti, sakafu ikapanda karibu na goti.

Ukuta sikuugusa.

Jana jioni akafika. Leo asubuhi nikapita pale na jembe. Mama mukwe iko ndani, sabuni usoni, ukuta unamufika tumboni. Akafungua macho.

Kwetu Fizi, mimi na yeye hata sahani moja hatuwezi kula!

Alipanda kabaza, ile baiskeli ya kubeba watu, bila chai.

Jirani njo anakuja kuniambia: "Mi niliona tangu juzi ukuta iko mufupi."

Tangu juzi!

Wenye muliona mukanyamaza, jiandikeni hapa chini niwajue. Niko naongeza matofali, kwa bafu ya mutu mwenye hatarudi.