Kitambaa cha Sufu Juu ya Kompyuta

Kompyuta yangu haikutoka dukani ikiwa nzima. Niliiunga mwenyewe, kipande kwa kipande, katika miji niliyopita. Kasha nililipata Mbeya. Bodi ya sasa niliitoa kwa fundi mmoja wa Mpanda aliyekuwa anafunga banda lake. Feni tatu zenye taa nilizichukua Tunduma, na diski kubwa ya kuhifadhia mafaili niliifunga nikiwa Kabwe, mezani pa mama lishe, kwa sababu banda langu halikuwa na meza. Wenzangu wa rika langu wana nyumba na watoto wa kuonyesha walikopitisha miaka yao. Mimi nafungua skrubu nne, navuta ubavu wa kioo wa kasha, na yangu yote iko humo.

Kazi iliyonizungusha ilikuwa ya kuwaingizia watu nyimbo na filamu kwenye simu na flashi. Nilikaa kule ziwani, Kirando miaka miwili, Kabwe mwaka na nusu, kisha Mpanda, kisha kwingine. Kila nilipoanza kuzoeleka, miguu iliwasha. Mama alikuwa akipiga simu na swali lake la kwanza halikuwa salamu. Alikuwa anauliza, "Sasa uko wapi?"

Simu yangu nilikuwa nimeiweka ijirekodi yenyewe kila nikipigiwa, kwa ajili ya wateja wabishi. Kila mwezi nilihamisha vitu vyote kwenye ile diski ya Kabwe ili simu ipumue. Kwa namna hiyo, bila kukusudia, nilikusanya miaka sita ya mama yangu akiniuliza niko wapi.

Alifariki mwaka jana mwezi wa nane. Nilikuwa mbali, tena basi likaharibika njiani, nikafika kaburi likiwa limeshafukiwa na watu wamekaa wanakula. Dada yangu, ambaye ndiye mkubwa na ndiye aliyebaki nyumbani kumtunza, hakunigombeza. Aliniletea maji ya kunawa. Ingekuwa afadhali angenigombeza.

Sikurudi barabarani baada ya hapo, lakini nyumbani pia sikuweza kukaa. Nilipanga chumba Sumbawanga mjini, dirisha linatazama upande wa milima ya Mbizi, nikaweka kompyuta juu ya meza. Ndipo nilipokumbuka kitambaa.

Mama alikuwa mfumaji. Alifuma masweta ya watoto wa shule, kwa sababu kwetu mtoto bila sweta asubuhi ya mwezi wa saba hawezi hata kushika kalamu. Na kama akina mama wote, hakuvumilia kitu cha thamani kikae uchi. Redio ilikuwa na kitambaa chake, televisheni chake, viti navyo vyake. Mara ya mwisho nilipopita nyumbani akaipima kompyuta yangu kwa kamba, juu, mbele na pembeni, kama anavyompima mtoto mabega. Alifuma kwa sufu ya bluu nzito, mishono imebanana, na mbele akakiacha kining'inie hadi chini, ubavu wa kioo tu ukabaki wazi. "Vumbi la huko uendako silijui," alisema. Nilikikunja nikakiweka chini kabisa ya begi. Niliona aibu. Vijana wa kazini wangenicheka.

Sasa hapakuwa na kijana wa kunicheka. Nikakitandika.

Mwezi wa sita mwaka huu dada alinipigia. Alisema misa ya mwaka wa mama imepangwa, kisha akauliza:

"Hivi zile simu zake ulizosema zilijirekodi unazo?"

"Ninazo zote."

"Mimi sina hata moja," alisema. "Nilikuwa naye kila siku. Nani anampigia simu mtu aliye jikoni? Niwekee kwenye flashi. Nataka nimsikie kabla ya misa."

Nilimwahidi. Jioni ile ile niliwasha kompyuta nikaanza kuzitafuta. Zilikuwa zimechanganyika na simu za wateja, maelfu, zina tarehe na namba tu. Nilichagua kama ishirini, nikaanza kunakili, na katikati ya kunakili diski ikapotea. Haikuharibika kwa kelele. Ilitoka tu kwenye orodha, kama mtu aliyenyanyuka kwenye kikao bila kuaga. Na feni zote tatu, ambazo nilikuwa nimezipa rangi nyeupe, ziligeuka nyekundu.

Mtu aliyeishi kwa kuwanakilia watu vitu hakuwahi kujinakilia cha kwake. Sauti zile zilikuwa pale tu, kwenye diski moja.

Kuanzia hapo nilikuwa na magonjwa mawili, au nilidhani hivyo. Diski inapotea. Taa hazitii. Nilizima mashine, nikakunja kitambaa kwa adabu, nikafungua ubavu, nikabadilisha waya unaopeleka data kwenye diski. Nikawasha kasha likiwa wazi. Diski ikaonekana. Nikaiacha saa mbili nzima huku nikipika, haikutikisika, na taa zikabaki nyeupe. Nikasema, ni waya. Nikafunga kasha, nikatandika kitambaa, nikakaa kufanya kazi. Haikufika saa moja, nyekundu, na diski hakuna.

Nikafungua tena. Nikahamishia diski kwenye tundu jingine la bodi. Ikakubali. Nikafunga, nikafunika. Ikakataa. Nikafikiri ni umeme, kwamba taa na diski vinagombania waya mmoja wa pawa saplai, nikavitenganisha. Ikakubali nikiwa nimefungua, ikakataa nilipofunga. Ile programu ya kuongoza taa niliifuta na kuiweka upya mara tatu. Kila mara niliziamuru feni ziwe nyeupe, zinatii kidogo, kisha zinarudia wekundu wao.

Nilimpigia fundi mmoja tuliyejuana Mpanda.

"Mambo, mzee wa disko!" alisema.

"Acha utani. Diski inapotea na taa zinajigeuza."

"Sasa mshikaji, wewe umri huo bado unahangaika na mataa? Chomoa hizo feni. Kuhusu diski, hiyo inakufa. Kila ukiiwasha unaipunguzia siku. Ukishasikia inagonga, ko, ko, ko, andaa matanga."

Alicheka, nami nikacheka kwa adabu, nikakata simu.

Baada ya hapo niliogopa kuiwasha. Wiki mbili nilikaa nayo chumbani kama mtu anayekaa na mgonjwa asiyetakiwa kuamshwa. Upepo wa hapa mwezi wa saba unaanza asubuhi na hauna pa kwenda, unazunguka tu kwenye mabati. Nilikuwa nakunywa chai nikiangalia lile kasha chini ya sufu ya bluu. Kuna siku niliwasha kwa dakika kumi tu, nikafungua simu moja. Ilikuwa ya kipindi cha Kabwe. Mama anasema ulezi umekubali, anauliza kama huko ziwani wanajua kupika ugali wa ulezi, kisha anaingia kwenye Kifipa kumfukuza kuku. Nilitakiwa kunakili. Nilisikiliza. Dakika kumi zikaisha, nikazima.

Sikuwa nimemweleza dada. Nilimwambia bado nazipanga.

Wiki moja kabla ya misa alikuja mwenyewe, bila taarifa, na gari la asubuhi linalotoka kwetu, upande wa Mwimbi. Nilisikia hodi, nikafungua, akaingia na mfuko wa unga, akatazama chumba kote kabla ya kukaa.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Ndiyo unaishi hivi? Hata pazia?"

"Nitaweka."

"Utaweka. Miaka arobaini na ngapi hiyo, utaweka." Alikaa kitandani, kwa kuwa kiti kilikuwa kimoja. "Haya, niwekee nimsikilize."

Ikabidi niseme ukweli. Nilimweleza kwamba diski inapotea, kwamba pengine inakufa, kwamba tukiiwasha huenda ndiyo mara ya mwisho. Alinisikiliza mikono ikiwa mapajani. Nilidhani atalia. Badala yake alisema, "Kwa hiyo unataka tuiache izikwe hivyo hivyo? Na hii nayo nikuzikie mimi?"

Niliwasha.

Diski ikaonekana. Nilichomeka flashi, nikaanza kunakili, safari hii zote, za mama na za wateja, bila kuchagua. Kasi ilikuwa ndogo. Tulikaa tunatazama ule mstari wa kijani ukijaa kidogo kidogo. Ulipofika robo, feni zikageuka nyekundu. Nilijua kinachofuata.

Dada hakujua. Yeye alikuwa anatetemeka tu, kwa sababu alikuja na kanga moja na chumba changu kina upepo. Akanyanyuka, akasema, "Na wewe, sweta la mama umelivalisha dude hili na watu tunakufa baridi," akakivuta kitambaa kutoka juu ya kompyuta, akajifunga mabegani.

Kisha akakishika kwa vidole, akakibana shavuni.

"Mbona kina moto hivi?"

"Kina moto?"

"Kama kimetoka kupigwa pasi. Njoo ushike."

Nilishika. Kisha nikaweka kiganja juu ya kasha, kwenye matundu ya kutolea hewa ambayo kitambaa kilikuwa kimeyafunika tangu siku nilipokitandika, na bati liliniunguza. Tukiwa tumesimama pale, moja baada ya nyingine, feni zilianza kurudi nyeupe.

Hapo Kirando ikanijia yote. Joto la kule, banda la mabati, mashine ikichemka mchana. Nilikuwa napenda kukaa nje kupiga soga na waliokuwa wanageuza dagaa juani, kwa hiyo niliziwekea taa amri: mashine ikipata joto kupita kiasi, ziwe nyekundu, nizione kutoka nje nije kuipumzisha. Amri ile niliihifadhi kwenye kile kifaa kidogo cha taa ndani ya kasha, si kwenye programu, ndiyo maana kufuta programu hakukusaidia kitu. Nilipopanda huku kwenye baridi ya Ufipa niliiwasha kidogo kidogo tu, kwa miezi mingi sikuziona nyekundu, nikasahau kabisa kama niliwahi kuzifundisha. Huku kwetu, mwezi wa saba, nani anafikiria joto? Huku kitu kikiugua unakifunika. Nami kila nilipofungua kasha nilikuwa nakitoa kitambaa kwanza, kila nilipofunga nilikirudisha, na nikashukuru au nikalaumu nyaya.

"Ni nini?" dada aliuliza. "Mbona umekodoa macho?"

"Haikuwa inakufa. Nilikuwa naichemsha."

Akatazama kitambaa mabegani mwake, akanitazama. Akaanza kucheka, kile kicheko cha nyumbani kinachoanza puani. "Mama angekuchapa," alisema. "Amekufumia nguo wewe unaifanya sufuria."

Diski haikupotea. Mstari ulijaa hadi mwisho. Tulikunywa chai mbili wakati ukijaa. Ulipokamilika nilichukua flashi, nikaichomeka upya kuhakikisha, nikafungua simu moja bila kuchagua.

Mama alikuwa anaongea kwa sauti ya juu, kama alivyodhani umbali unavyotaka. "Sasa uko wapi? Mpanda? Umekula? Haya, dada yako huyu hapa, nakupa umsalimie." Kisha simu ikasogezwa, na kwa mbali, nyuma ya kuku na mlio wa sufuria, sauti nyingine ikasema: "Mwambie mikono ina unga." Mama akarudi. "Anasema mikono ina unga. Anakusalimia."

Siku ile nilipopigiwa sikuwa nimesikia sauti ya nyuma. Nilisikia tu kwamba dada anasalimia.

Dada alikuwa amekishika kitambaa chini ya kidevu kwa mikono miwili.

"Haikuwa na unga," alisema.

Nikasimamisha sauti.

"Nilikuwa nimekaa tu pale. Haikuwa na unga." Akafuta pua kwa pembe ya sufu. "Weka nyingine."

Tulisikiliza saba au nane, hadi muda wa gari lake ulipokaribia. Aliifunga flashi kwenye pindo la kanga. Nilimsindikiza hadi stendi na hakuvua kitambaa, wala mimi sikukidai. Alipanda nacho. Niliporudi chumbani kompyuta ilikuwa uchi juu ya meza, na chumba kilionekana kikubwa kuliko nilivyokiacha.

Jua likielekea kuzama akanipigia.

"Nimechomeka kwenye redio. Redio inasema hakuna kitu."

Nilimweleza kwamba redio haisomi aina ile ya sauti, kwamba inabidi nizigeuze kwanza, zote, kazi ya siku mbili tatu.

"Basi zigeuze ulete mwenyewe. Usimpe mtu wa gari. Umekula?"

"Nitakula."

"Unga nimekuachia. Kula."

Akakata. Nilitenga za mama kutoka za wateja, moja moja, nikaanza kuzigeuza. Mikono niliificha kwapani kwa baridi, nikitazama feni zisibadilike, na hazikubadilika. Nilipohamisha vitu vya simu kwenye diski, ile simu ya dada ya jioni ile nayo ilikuwamo, imejirekodi kama nyingine zote. Ilikuwa fupi, haikufika dakika moja. Katika miaka yote ile ndiyo ya kwanza aliyoniuliza kama nimekula.