Mkwe Wangu Aligeukia Ukuta

Tuliokuwepo ni hawa: Generoza, jirani yangu wa Magarama hapa Gitega, tuliyekulia naye Tanzania; Melaniya, msimamizi wetu; Evariste, mkwe wangu, mume wa binti yangu Goreti; na mimi, Daforoza.

Tuliporudi kwetu na amani toka ukimbizini, kupitia mpaka wa Kobero, tulikaa Muyinga. Shamba likawa dogo. Goreti akabaki kulima, mi na Evariste tukaja Gitega kwenye kahawa. Yeye kubeba magunia, mi kukaa chini na wamama, miguu nimekunja, tunatoa punje mbovu asubuhi hadi jioni. Nilikuwa mzima, naimba.

Melaniya akaleta mazoezi. Anapiga makofi: "Simameni! Mikono juu! Inama!" Wote wanasimama, hata wabeba magunia. Mi nakaa. Kwetu mama hainami wala harushi miguu mbele ya mkwe wake.

"We Daforoza, makalio yameota mizizi?" Generoza ananicheka.

"Acha yaote. Mkwe yuko pale."

Mguu wa kushoto ukavimba. Ukawa mgumu, wa moto, unang'aa kama bilinganya. Nikauficha kwa kitenge. Asubuhi moja, kazini, kifua kikabana. Nikakohoa damu. Nilitaka kumuita Generoza, pumzi haikutosha jina lake. Evariste akanibeba mgongoni hadi hospitali, na mi aibu inaniuma kuliko kifua.

Daktari akasema, "Bibi, damu imeganda mguuni, kipande kimepanda kwenye mapafu. Ungechelewa, tungekupoteza." Wakanichoma sindano za tumboni. Goreti akafika toka Muyinga. Ndani ya mfuko wake niliona shuka jeupe, jipya, kama la sanda. Hakujua kama nimeliona. Nikageuza uso, nikasema, Mungu, basi tena.

Nikapona polepole. Daktari akanionya: "Meza dawa. Lakini ukikaa vile bila kusimama, itarudi."

Niache kazi, tule nini? Nisimame, na mkwe yuko pale? Nikarudi kukaa kwenye kahawa kama mtu aliyekaa juu ya kaburi lake. Melaniya akapiga makofi. Sikuweza.

Evariste akatua gunia, akageukia ukuta. "Mama, fanya. Mimi natazama matofali."

Wabeba magunia wote wakageuka naye. Nikasimama, nikainua mikono, mifupa ikalia. Generoza akapiga kelele: "Mizizi imekatika!"

Hadi leo wanageuka. Nawashukuru. Nyinyi mnaokaa kazini, simameni. Mguu mmoja ukivimba, msiufiche, nendeni hospitali.

Mliokuwepo, kama nimekosea jina au mguu, nirekebisheni. Ila mgongo wa Evariste sijaukosea. Ndio niliokuwa nautazama nilipoinua mikono.