Pikapu Yangu na Barieri ya Mvua

Siku hizi nikipita Keshero, mtaa wa hapa Goma, na kukuta vijana wamelizunguka gari lililoinuliwa, wakisifia urefu wake na kupiga picha kando ya magurudumu, hasira hunipanda. Si wivu. Mimi pia niliinua langu. Kinachoniudhi ni kwamba tumefika mahali pa kuona fahari katika jambo la aibu. Kutoka Goma mpaka kilima alikokaa mama yangu, juu ya Sake, upande wa Masisi, si mbali hata kidogo. Mtu mwenye barabara angetoka asubuhi, akanywa maziwa kwa mama yake, akarudi kula mchana nyumbani kwake. Sisi tulikuwa na mfereji wa tope uliopewa jina la barabara. Kila aliyepata cheo alikuja kuukatia utepe, akapigiwa makofi, akakimbilia mjini kabla mvua haijanyesha.

Pikapu yangu ilikuwa kuukuu. Nilikuwa nimeinunua kwa muuza jibini wa Masisi, na mpaka leo nikikumbuka kabini yake nakumbuka harufu ile. Ningeiacha kama ilivyokuwa, ya kubebea kabichi na mifuko ya maharage kwenye lami, kama si nyonga ya mama. Aliteleza katika zizi la ng'ombe mwaka mmoja kabla ya siku nitakayoisimulia, na tangu siku hiyo safari yake ndefu ilikuwa ya kutoka kitandani mpaka mlangoni, na fimbo. Kila habari za vita zilipofika kilimani, wengine walikimbia, yeye akafunga mlango na kulala chini mpaka kelele zipite. Mara mbili zilipita. Mjini kwangu alikataa kuhamia, kwa sababu ng'ombe wake wangelia, alisema. Mimi nilijua kuwa mara ya tatu itabidi nimtoe mwenyewe, na nimtoe kwa gari, katika msimu wowote.

Nikaenda kwa fundi. Alikuwa mzee ambaye ukoo wake ulitoka Maniema, mwenye gereji isiyo na paa pale Keshero, juu ya mawe meusi ya volkeno. Mkeka wake wa kuswalia aliutunza ndani ya gari lililokufa zamani. Alilala chini ya pikapu yangu kwa muda mrefu, kisha akatoka na kunipa pole kama mtu aliyefiwa.

Tulianza na resori, vile vyuma virefu vilivyopinda ambavyo hupangwa kimoja juu ya kingine chini ya bodi ili vibebe mzigo. Kila upande wa nyuma ulikuwa na vitano, vimechoka hata vimenyooka. Fundi alitaka kuvikunja upya na kuongeza viwili, kisha kufunga amotiseri, yaani shokabu, ndefu zaidi. Mimi nilitaka tisa, kama za lori.

"Saba inatosha," alisema. "Tisa ni ya kamyo. Gari ikikuwa tupu, itakutoa figo."

"Weka tisa, muzee."

"Unabeba mama ao unabeba simenti?"

Nilimjibu vibaya, naye akaweka tisa. Alikuwa sahihi. Nilipoijaribu mara ya kwanza kichwa changu kiligonga paa la kabini mara tatu kabla ya kufika kona, na ikabidi niwe naiendesha na mawe nyuma ili itulie. Lakini ilisimama juu. Mwamba uliokuwa ukikwangua tumbo lake sasa ulipita chini bila kuigusa, na mimi, mjinga, nilitembea mtaani nikiwa nimetanua kifua.

Kazi kubwa zaidi ilikuwa ya gia. Gia ya kwanza ya pikapu ile ilikuwa na haraka mno kwa mlima wa tope; ama uunguze klachi, ama urudi kinyumenyume ukiomba Mungu. Giaboksi hatukuigusa. Tulifungua ekseli na kubadilisha zile gia mbili zinazokutana katikati yake, ili gari liende polepole zaidi na kuvuta kwa nguvu zaidi. Za ekseli ya nyuma tulizipata haraka katika gari lililovunjwa. Za mbele hazikupatikana mji mzima. Nikasema tufunge za nyuma kwanza, za mbele zitafuata. Fundi akaweka spana chini.

"Ukifunga nyuma tu, siku utatia magurudumu zote ine kazini, mbele itataka mwendo yake, nyuma mwendo yake. Ni kama ng'ombe mbili kwa kamba moja, moja inaenda kunywa mayi, ingine inarudia nyumba. Kitu itavunjika, na itavunjikia kule juu."

Tukangoja miezi mitatu. Miezi mitatu ya kumwambia mama, kwa simu ya jirani yake, bado kidogo, bado kidogo. Mwishowe dereva mmoja alituletea za mbele kutoka Butembo, zikiwa zimefungwa katika shuka kama mtoto mchanga. Fundi alizifunga, akachora alama ya chaki kwenye gurudumu na nyingine kwenye shafti, akanifanya nizungushe huku yeye akihesabu mizunguko kwa sauti. Nyuma, kisha mbele. Zililingana. Akafuta mikono, akasema gari hili sasa litapanda hata ukuta wa kanisa.

Sikukaa nalo wiki mbili. Asubuhi moja mvua ilikuwa ikimalizia kunyesha, simu ikalia. Alikuwa jirani wa mama, mwanaume aliyekuwa akimchotea maji tangu nyonga ivunjike. Alisema milio imesikika ng'ambo ya pili ya bonde na watu wameanza kufunga vitu. "Mama hawezi kutembea, unajua," alisema. "Kuya mbio."

Nilipita Mugunga na kufika Sake mapema sana. Lami ikaishia pale. Na pale ilipoishia palikuwa na barieri.

Asiyejua barieri ya mvua nimweleze, maana anaweza kudhani natunga. Mvua ikinyesha, magari mazito husimamishwa kwa saa kadhaa mpaka barabara ikauke, ili yasiiharibu. Wazo si baya, kama kungekuwa na barabara ya kuharibu. Pale ni mwanzi uliolazwa juu ya miti miwili yenye panda, na mtu mmoja mwenye mwavuli na kitabu cha risiti. Hakuwa na bunduki. Hakukuwa na askari karibu. Nasisitiza hilo kwa sababu linanisumbua.

Magari madogo yalipita. Ilipofika zamu yangu, yule mtu aliinama, akachungulia chini ya pikapu yangu, akaanza kuhesabu vyuma vya resori kwa kidole.

"Tisa," alisema. "Hii ni kamyo. Utangoja."

Nikampa karatasi za gari. Zilisema kamioneti, yaani pikapu.

"Karatasi inasema kamioneti, macho yangu inaona kamyo. Sheria ni sheria, papa. Barabara itaharibika."

Nilimweleza habari za mama. Nilimweleza habari za nyonga. Alinisikiliza kwa adabu kabisa, akiniita papa, yaani baba, na hilo ndilo lililonichoma, kwa sababu mtu akikutukana unajua la kufanya. Akanionyesha mahali pa kuegesha, nyuma ya malori mawili ya mbao. Na mimi nikaegesha! Gari ambalo tulilifungua na kulifunga kwa miezi mitatu ili tope lisilizuie, nililiegesha mahali nilipoonyeshwa, nikavuta breki ya mkono.

Saa zilipita. Jua lilitoka, likawaka. Kabla ya mchana watu walianza kushuka kutoka milimani, wachache, kisha wengi, magodoro kichwani, mbuzi kwa kamba. Walipofika kwenye mwanzi waliuinua kwa mkono mmoja, wakapita, wakaushusha. Wenye kukimbia kwa miguu hawakuwa na barieri. Nilimuuliza kila niliyemfahamu sura kama ameona mama yangu. Nilirudi kwa mtu wa mwavuli mara tatu. Alitazama saa yake na kuniambia, bado kidogo.

Kisha nikawaona. Jirani na nduguze watatu walikuwa wamebeba kipoyi, miti miwili na blanketi katikati, na ndani ya blanketi alikuwa mama yangu, mdogo kuliko nilivyomwacha. Mabega yao yalikuwa yamechubuka. Nyuma yao mke wa jirani alikuwa amebeba mtoto mgongoni na sufuria moja mkononi. Vitu vyao vyote vingine walikuwa wameviacha nyumbani, kwa sababu mikono yote ya wanaume ilikuwa imeshika mama wa mtu ambaye ana gari. Jirani hakunilaumu. Aliuliza tu kama nina maji ya kunywa.

Tulimpandisha nyuma kwa shida, juu ya magunia niliyokuwa nimeyatandika. Nilikuwa nimeliinua gari juu mno, hata wanaume watano hatukujua tumshike wapi bila kumuumiza nyonga, naye akalia, mwanamke ambaye sikuwahi kumsikia akilia. Tulipokuwa tukimfunika, mtu wa mwavuli alikuja na kitabu chake.

"Papa, saa imetimia. Sasa unaweza kupita."

Nimewasimulia watu kwamba nilimtukana. Wengine nimewaambia nilimkamata shati. Ni uongo. Nilimwambia aksanti. Ulimi wangu ulisema aksanti wenyewe, kwa mazoea, kama unavyosema kwa kila mtu mwenye kitabu cha risiti katika nchi hii.

Mama alisikia. Akageuza kichwa juu ya magunia, akaniita kama alivyoniita tangu utoto.

"Papa, ulikuwa hapa tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi, mama."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilingoja barieri. Ni sababu ya mvua."

Alitazama mbingu, ambayo haikuwa na hata wingu moja. Kisha alitazama mwanzi. Msichana mmoja alikuwa akiuinua kwa kiganja ili mbuzi wake wapite.

"Ni ule muti tu?" aliuliza.

Nikaingia kabini, nikawasha gari, nikageuza kurudi Goma. Nimelikasirikia taifa zima kwa ajili ya barabara ile, na sitaacha. Lakini mama hakuliuliza taifa swali lile.